Kiapo cha Herufi Moja

Cheti cha kuzaliwa kinasema Somoe.
Cha kidato cha nne kinasema Somoye.
Aliyeongeza ile y, mwalimu Nandonde,
ameshastaafu, yuko Ruponda, anafuga bata,
na simu yake haipatikani.

Tangazo lilibandikwa halmashauri, Nachingwea,
kati ya chanjo ya kuku na zabuni ya choo cha soko:
Karani wa Rasilimali za Urukaji, Kikosi cha Anga.
Nafasi mbili. Awe na stashahada ya kumbukumbu,
awe amepita JKT,
asiwe na michoro mwilini.
Bibi, mwenye nembo toka paji hadi kidevu,
akacheka mpaka akashika ukuta:
"Mimi wangenifukuza getini!"

Mama Chitanda wa uji akaanza kuniita rubani.
Nikamweleza: yupo anayerusha,
na yupo anayeandika kwamba karusha,
saa ngapi, usiku au mchana,
lini alipimwa macho, lini parachuti ilikunjwa upya,
na siku zikipita, huyu wa kalamu anasema: haruki.
"Hata awe kanali?"
Hata awe kanali.
Akanijazia kikombe, hela akakataa.

Kazi hiyo naijua kwa harufu.
Misimu mitatu nilikaa ghalani, chama cha msingi,
vumbi la korosho puani, stakabadhi kidoleni.
Mwenye cheo mmoja alileta magunia arobaini,
korosho zimelowa, ukizitia mkono unatoka na ubaridi.
"Andika daraja la kwanza, binti."
Niliandika nilichokishika.
Msimu uliofuata nikaondolewa kwenye mizani,
nikapewa kazi ya kuhesabu magunia matupu.
Nikayahesabu.
Yalipungua sita.
Nikaandika na hilo.

Wakili alitoza elfu ishirini.
*Mimi, Somoe Chilumba Mnonjela, naapa
kwamba Somoe na Somoye ni mtu mmoja.*
Muhuri ukashuka kwa kishindo, meza ikatikisika,
nami nikatoka juani nikiwa mmoja, kisheria.

Usaili ulikuwa Mtwara mjini, chumba cha feni mbovu.
Maafisa watatu. Wa tatu hakuinua uso,
alikuwa anasoma kiapo changu kama barua ya posa.
Wa kati akauliza:
"Rubani kapungukiwa saa mbili za usiku.
Zoezi ni kesho kutwa. Anakusihi umjazie.
Ni shemeji yako."
Sina shemeji, afande.
"Chukulia unaye."

Feni ilizunguka mara nne, nilizihesabu.
Naandika alizoruka, afande.
Hizo mbili, ndege ipo na giza lipo. Leo usiku azifuate.
"Na ukimjazia, halafu akaanguka?"
Hapo sikuwa na jibu la darasani.
Nikasema: daftari litafunguliwa kabla ya kaburi,
na mwandiko utakuwa wangu.

Wa tatu ndipo akainua uso.
"Na hii y?"
Iliwekwa na mtu mwenye haraka, afande.
Akaandika kitu. Mimi kusoma maandishi yaliyopinduka
nilijifunza kwenye mizani, upande wa pili wa meza,
lakini yeye aliyafunika kwa kiganja.
"Tutakupigia."

Leo ni siku ya kumi na tisa.
Nimepeta choroko, nimefua, simu iko kwenye kanga.
Juu ya mikorosho ndege imepita, ya kijivu,
chini chini, kuelekea Masasi.
Bibi ameziba masikio.
Nimechukua lile daftari kuukuu la magunia,
nikafungua ukurasa wa nyuma, nikapiga mstari:
tarehe; saa kumi na dakika saba; mchana; mawingu kidogo.

Jina la rubani silijui.
Nimeacha nafasi.
Atakapokuja mwenyewe
nitamwomba analitaje herufi kwa herufi.